Ishirini na Saba, Si Ishirini na Moja

S.L.P. 214,
Tolliver, Oklahoma.

Jumanne, 3 Juni 2025.

Mpendwa kaka Royce,

Jumatano ya tarehe 12 Machi, kati ya saa nne na dakika ishirini asubuhi na saa sita kasorobo, wakati mimi nimesimama kando ya kaburi la mama yetu, udongo mwekundu umenijaa viatuni, mtu aliingia nyumbani kwetu akachukua bunduki fupi ya baba, bastola ya baba, na risasi zote mia tatu na hamsini. Akamsukuma mama mdogo Verna hadi akavunjika mkono wa kushoto mahali pawili, akamfungia stoo. Hiyo ndiyo hasara na hizo ndizo saa zake. Nimeiandika juu kabisa ili usije ukasema ulichoka kusoma kabla hujaifikia.

Sasa salamu. Hujambo, kaka? Mgongo unaendeleaje na baridi ya huko Alaska? Nasikia samaki wameanza kupanda mto, basi najua umeshasahau kula na kulala. Ilene mguu wake umepona? Mwambie ile dawa ya kupaka aliyonitumia Krismasi nimempa Dewayne, naye anasema inanuka kama betri lakini inafanya kazi. Sisi huku tu wazima kiasi. Dewayne alipasuliwa bega la kulia mwezi wa kwanza na hadi leo hawezi kuinua mtungi wa maziwa. Mimi nimepungua ratili tisa tangu Machi. Sikuzitafuta, zimeondoka zenyewe.

Malori yangu ya kunyonya vyoo sasa ni sita. Unakumbuka nilipoanza na lile moja bovu mkaniita Malkia wa Mavi? Malkia anawasalimu.

Nilikupigia simu mara kumi na moja. Ya kwanza, tarehe 2 Aprili, uliipokea, nami nikakuuliza swali moja. Ukasema, “Nelda, usianze,” ukakata. Kumi zilizofuata ziliita mpaka zikachoka. Barua haikatwi, ndiyo maana naandika.

Nikueleze yaliyompata mama mdogo Verna, maana hukuyasikia kutoka kinywani mwake. Wewe ndege yako ilizuiwa na theluji, hilo sikulaumu. Yeye alibaki nyumbani kwa ajili ya goti lake, na kwa sababu ni lazima mtu abaki kupokea vyakula. Kina mama wa kanisa walikuwa wanapita na mabakuli tangu alfajiri, mlango wa nyuma uko wazi kama desturi ya siku ya msiba. Basi alipomsikia mtu nyuma yake akasema bila kugeuka, “Weka hapo kwenye jiko, mpenzi, kama kina jibini nitakipasha.” Alipogeuka akaona mtu mrefu aliyejifunika uso kwa soksi. Hakusema neno hata moja. Alimsukuma tu, akaanguka juu ya mkono, kisha akamburuta hadi stoo akaweka kiti mlangoni.

Alikaa humo saa nzima na dakika ishirini na tano, katikati ya mitungi ya bamia za siki. Nilipomtoa, jambo la kwanza aliloniambia ni, “Siku zote nilijua nitakufa kwa moyo, mwanangu. Sikujua nitakufa kwa bamia.” Akacheka, kisha akalia, kisha akaniambia jambo la pili, ambalo ndilo linalonifanya nikuandikie.

Sefu iko kwenye kabati la ukumbini, ukuta mmoja na stoo, unapajua. Akasema, “Nilisikia milio sita. Mmoja mmoja, bila haraka. Halafu kufuli likaachia. Hakukosea hata mara moja, Nelda. Na nikuambie tena. Hakusema kitu kwa sababu angesema ningemjua.”

Nitarudi kwenye milio hiyo sita. Kwanza nikuambie nilivyoweka nyumba sawa, maana mtu hajadili wizi huku mlango uko wazi.

Polisi wa kaunti walifika dakika thelathini na nane baada ya kupigiwa. Siwalaumu, ni maili thelathini na moja na madaraja mawili. Lakini nilikaa na hesabu hiyo. Dakika thelathini na nane, bibi wa miaka sabini na sita mwenye mkono mmoja, mume mwenye bega moja, na mimi ambaye nusu ya siku niko juu ya tangi la mtu. Nikaenda dukani kwa Lonnie Beecham, yule aliyekuwa kocha wenu wa mpira, sasa anauza bunduki upande mmoja na chambo upande mwingine.

Lonnie akanipa mkononi bunduki ya marisau. “Bi Nelda, chukua hii. Ukiikoki tu, mwizi akisikia ule mlio, anakimbia mwenyewe.”

Nikamwambia, “Kocha, sitaki wa kukimbia.”

Akanitazama juu ya miwani. “Basi nakuuzia chambo tu leo.”

“Nitanunua vyote viwili. Ila hiyo ya marisau irudishe. Ina teke la punda. Dewayne akiifyatua mara moja, daktari ataanza bega upya.”

Usidhani nilienda kununua kwa hasira. Hasira niliiacha kwenye gari, ikanisubiri. Nilikuwa na karatasi yenye vipimo. Ukumbi wetu una upana wa futi tatu na inchi mbili. Kutoka mlango wa jikoni hadi kitanda cha mama mdogo ni futi thelathini na nne. Bunduki ndefu ya kuwindia swala huwezi kuigeuza pale bila kugonga picha za ukoo mzima. Bastola inageuka, lakini bastola inataka mkono mtulivu, na nyumbani kwetu mikono mitulivu imebaki miwili tu, yangu. Bunduki fupi inayotumia risasi za bastola inashikwa mahali patatu, begani, kifuani na mkononi, kwa hiyo hata anayetetemeka hupiga karibu na anapotazama. Teke lake ni dogo. Hili si langu, ni la baba. “Risasi moja, midomo miwili,” alikuwa akisema akiweka bastola mezani na ile bunduki karibu yake, na kasha moja la risasi katikati. Ukipapasa gizani hukosei.

Moyo ulitaka pacha wa ile ya baba, Royce. Lonnie alikuwa nayo moja, ya kukokiwa kwa ule mkono wa chini, mti mwekundu, chuma cheusi. Niliishika na nikasikia harufu ya jikoni mwa 1978. Nikampa mama mdogo, nilikuwa nimemleta. Alivuta ule mkono ukaishia katikati, risasi ikakwama, akasema, “Mwanangu, hii inataka mwanamume mmoja na nusu.” Nikairudisha rafuni. Niliumia, lakini nikairudisha.

Ya pili ilikuwa ya milimita tisa, inayokunjwa katikati kama kiti cha pikiniki. Nyepesi, ratili tano na kidogo. Vijana wanaipenda kwa sababu inaingia kwenye begi. Mimi sina begi, nina kabati. Na ule mkono wa kukokia ulikuwa mgumu ajabu. Mama mdogo aliuvuta kwa mkono wake mzima, akaikalia bunduki kwa magoti, haukusogea. Lonnie akaanza kumfundisha, “Bibi, vuta kama unavyovuta kamba ya mashine ya nyasi.” Akajibiwa, “Kocha, mashine ya nyasi nilimwachia mume wangu, nayo ikamuua.”

Ya tatu pia ni ya milimita tisa, ya kawaida kabisa, nyeusi, haina sura. Ratili sita. Kitako chake kinarefuka na kufupika, kwa hiyo mimi na Dewayne na mama mdogo kila mtu ana tundu lake. Magazini zake ni zilezile za bastola yangu ya kwenye lori. Mkono wa kukokia unavutika kwa vidole viwili. Ina nukta nyekundu ya kulengea, na mama mdogo aliyetolewa mtoto wa jicho mwaka jana aliiona nukta hiyo vizuri kuliko anavyoniona mimi. Kule nyuma ya duka, hatua kumi na tano, alifyatua risasi kumi, bunduki imelazwa juu ya plasta ya mkono wake. Tisa zilikuwa ndani ya sahani ya chai. Ya kumi akasema aliikosa kwa makusudi, kwa unyenyekevu.

Hiyo ndiyo niliyoinunua. Ukiulizwa kanuni yangu ni ipi, ni kwamba bunduki ya nyumba ni ya yule aliye dhaifu kuliko wote ndani ya nyumba. Mwenye nguvu atajitafutia.

Wala sikuishia hapo. Nilichukua mbao za jasi zilizobaki tulipojenga ofisi, nikazipanga kwenye shimo la kokoto mbili mbili kama kuta zetu zilivyo, nikazipiga. Lonnie alikuwa ameniambia risasi zenye kichwa kilichotobolewa hazivuki kuta. Zilivuka kuta nne, Royce. Nne! Kwa hiyo nilirudi nyumbani nikahamisha kitanda cha mama mdogo kutoka ukuta wa jikoni hadi kona ya matofali, nikaweka alama ya utepe sakafuni. Ukisimama kwenye utepe, nyuma ya mwizi kuna bomba la moshi la mawe. Ukisimama kwingine kokote, hufyatui, unafunga mlango, unapiga simu na unangoja dakika thelathini na nane. Sote watatu tumefanya mazoezi. Dewayne anasema tunafanana na watu wanaojifunza dansi.

Usiku na mchana bunduki iko kwenye sefu mpya ndogo karibu na kitanda changu. Namba yake tunaijua watu wawili, na si siku ya kuzaliwa ya mtu yeyote.

Sasa turudi kwenye milio sita.

Mpelelezi aliyepewa kesi yetu anaitwa Coy Ledbetter, kijana mzuri, anakunywa kahawa yangu bila kukunja uso. Nilipomwambia namba ya sefu ni siku ya kuzaliwa ya mama, alifunga daftari. “Bi Hargis, tangazo la msiba lilikuwa kwenye gazeti la kaunti nzima. Siku yake ya kuzaliwa iliandikwa pale. Kila mwizi anaijua. Hiyo si ushahidi.”

Nikamwambia, “Kilichoandikwa gazetini si siku yake ya kuzaliwa. Ndiyo maana ni ushahidi.”

Akalifungua daftari tena.

Nilimtolea Biblia ya babu. Unakumbuka ukurasa ule. Babu aliandika kwa mkono wake, 27 Juni 1943, na saba yake ilikuwa haina tumbo wala mkanda, imesimama wima kama moja. Karani akasoma 21, akaandika 21 kwenye cheti, na serikali ikamzaa mama siku sita kabla hajazaliwa. Leseni, hospitali, daftari la kanisa, vyote 21. Kanisani wakamwimbia tarehe 21 miaka yote ile naye akanyamaza kwa adabu, akala keki mbili kila mwezi wa sita. Ofisi ya mazishi ilifuata cheti. Gazeti likafuata ofisi ya mazishi. Mwizi wa gazeti angebonyeza moja pale mwisho wa tarehe, sefu ingepiga kelele kama bata.

Huyu alibonyeza saba.

Hesabu pamoja nami, hesabu hii fupi. Keki ya tarehe 27 iliwahi kuliwa na watu wangapi walio hai? Mimi. Wewe. Mama mdogo Verna. Dewayne. Na mwanao Tyce. Watano. Mimi nilikuwa kaburini. Dewayne alikuwa amebeba jeneza kwa bega zima. Mama mdogo alikuwa stoo. Wewe ulikuwa umekwama uwanja wa ndege. Tyce mwenye miaka thelathini na sita, anayekaa dakika arobaini na moja kutoka hapa, hakuja kumzika bibi yake. Alituma ujumbe kwamba gari limekufa. Siku ileile saa saba mchana Dewayne alikwenda kununua barafu akaliona gari hilo kituo cha mafuta, liko hai, linakunywa.

Lakini kujua siku si kujua kwamba siku hiyo inafungua sefu. Hilo tuliliamua jikoni mwaka 2011, baada ya baba kufa, tukiwa wanne. Mimi, wewe, mama, mama mdogo. Dewayne mpaka leo huniomba nimfungulie. Mama amekufa. Mama mdogo hajamwambia mtu, na mimi sijamwambia mtu.

Najua utasema namchukia Tyce kwa sababu nilimfukuza kazi. Kweli nilimfukuza. Alimwaga tangi zima kwenye mfereji wa maji ya ng’ombe wa watu kwa uvivu wa kuendesha maili kumi na mbili, na nilitumia wiki mbili kuusafisha kwa mikono hii. Ulinipigia ukasema nina moyo wa chuma. Sawa. Chuma hakisahau, lakini pia hakisemi uongo.

Na nikuambie lingine ambalo sijamwambia hata Dewayne. Tarehe 9 Mei nilikwenda kwake. Niliendesha dakika zote arobaini na moja. Kabla ya kuondoka niliifungua sefu mpya, nikaitazama ile bunduki nyeusi, nikaifunga tena, nikamkabidhi mama mdogo funguo za lori lenye bastola nikachukua gari la Dewayne. Nilijijua. Nilisimama langoni kwake. Alitoka kibarazani, akanipungia mkono kwa furaha, “Shangazi! Karibu! Mbona husemi kama unakuja?”

Nikamwuliza, “Tyce, mama mdogo anapona mkono. Hujamuuliza.”

Akasema, “Ah, pole yake. Ule wa kushoto, siyo?”

Kwenye ujumbe wetu wote tuliandika “mkono” tu. Nilirudi nyuma nikazisoma tena simu zote tatu ili niwe na hakika. Hakuna aliyeandika wa kushoto.

Mpelelezi anasema mkono wa kushoto hautoshi. Inawezekana alibahatisha, mikono ni miwili tu. Anachohitaji ili hakimu ampe hati ya kupekua nyumba ya Tyce ni mtu mmoja wa kutamka kwamba Tyce aliambiwa namba. Mtu huyo yuko mmoja tu duniani, na anavua samaki.

Sitakuficha ninachotaka. Nataka bunduki ya baba irudi jikoni. Nataka Tyce asimame mbele ya mama mdogo Verna, amwangalie mkono uliopinda, aseme kwa sauti yake ile aliyoificha siku ile. Nataka asikie mlango ukifungwa kwa nje, akae humo ahesabu. Saa moja na dakika ishirini na tano sitosheki nazo. Mchungaji ananiambia nisamehe. Nimemjibu nitasamehe kwa zamu, naye Tyce hajafika mbele ya foleni. Hata hivyo sitaki kumfunga mtu kwa chuki yangu. Kama hukumwambia, niambie hukumwambia, nami nitakwenda kupiga magoti mbele ya Tyce nimwombe radhi kwa mdomo huuhuu. Unanijua. Nikikosa hesabu nasahihisha.

Jambo la mwisho ni jiwe la mama. Fundi, mzee Orval Stamps, amekwisha kulisugua. Nimemwagiza achonge 27 Juni 1943. Namba imeshaibiwa, basi acha isomwe na kila mtu, angalau mama azaliwe siku yake. Chini ya tarehe nimeagiza, “Mama wa,” halafu nafasi. Orval aliniuliza majina. Nikamwambia la kwanza ni Nelda. Akauliza la pili. Nikamwambia la pili liko Alaska, tunalingoja.

Nisalimie Ilene na mama yake. Wasalimie pia mapacha wa Ilene, uwaambie shangazi wa Oklahoma amewawekea mitungi miwili ya bamia, wasiogope historia yake. Dewayne anakusalimu. Mama mdogo Verna anakusalimu kwa mkono wa kulia. Mungu akulinde mtoni, akurudishe nchi kavu kila jioni, na akupe ulimi mwepesi panapotakiwa.

Ni mimi dada yako, niliyekupenda tangu uliponibeba mgongoni kuvuka kijito, na sijakushusha bado,

Nelda.

Tena: mpelelezi na mzee Orval nimewaita siku moja, Ijumaa tarehe 27 mwezi huu, saa sita mchana. Kwenu Alaska itakuwa saa tatu asubuhi, kwa hiyo usinidanganye na saa. Swali ni lilelile ulilolikatia simu. Ulimwambia Tyce kwamba sefu inafunguliwa kwa siku ya mama? Sitaki maelezo, sitaki “usianze”. Ndiyo, au hapana. Saa sita ikipita simu haijalia, kimya chako nitakiandika kwa mpelelezi kuwa ni ndiyo, na Orval atachonga jina moja.